Jinsi ya kutambua aina ya mbao kwa programu ya simu

Habari yako mtazamaji, karibu. Hapa mezani nina kipande cha mbao kisichojulikana jina. Pembeni yake kuna simu, wembe mpya, kioo cha kukuzia cha mara 10, karatasi za msasa, mzani mdogo na kikombe cha maji. Nimevipanga vyote mbele yako ili uone tangu mapema kwamba simu ni chombo kimoja tu kati ya vingi. Watu wengi wanapakua programu, wanapiga picha ya ubao wenye vumbi, wanapata jina la ajabu, kisha wanasema programu ni mbovu. Mara nyingi programu haina kosa. Imeonyeshwa uso wa mbao usiosema chochote.

Programu zenyewe ziko za namna mbili. Zipo unazozipigia picha zikakutajia jina, basi. Na zipo za marejeo: ndani yake kuna orodha ya mbao, picha za karibu, maelezo, na maswali yanayokusaidia kuchuja. Leo natumia hizi za pili, na ndizo ninazokushauri uanze nazo, kwa sababu ukifika kwenye jina unajua umefikaje. Mfano mzuri ni CITESwoodID ya Taasisi ya Thünen ya Ujerumani, iliyoandaliwa kwa ajili ya mbao ambazo biashara yake inadhibitiwa kimataifa pamoja na zile zinazofanana nazo. Ukiwa na intaneti, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kina hazina inayoitwa InsideWood yenye picha nyingi za mbao chini ya hadubini. Sakinisha programu yako, kisha zima data na uifungue. Ikigoma, ujue hutaitegemea ukiwa mahali pasipo na mtandao.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa naomba usiwe na haraka.

Geuza mbao utazame ncha yake, pale msumeno ulipokata kuvuka nyuzi. Huo ndio uso tunaoutaka. Ubavu wa mbao unapendeza macho, lakini ncha ndiyo inayoonyesha jinsi mti ulivyojengwa. Chagua sehemu ya kiini, yenye rangi iliyokolea, uache ile nyeupe ya nje. Kama kuna rangi au vanishi, iondoe kwanza.

Chovya kidole kwenye maji, lowesha ncha kidogo, subiri nusu dakika. Chukua wembe, ulaze kidogo, kisha uvute kwa mkupuo mmoja huku ukiuelekeza mbali na vidole vyako. Unatafuta utando mwembamba kabisa utoke, mwembamba hadi mwanga upite. Tazama hapa kwenye kamera: huku kushoto ni jinsi msumeno ulivyoacha, nyuzi zimechanika na huoni kitu. Kulia ni baada ya wembe kupita mara moja. Vitundu vimefunguka, na mistari myembamba iliyokuwa imejificha sasa inahesabika. Sentimita moja ya mraba inatosha, huna haja ya kusafisha ncha nzima. Wembe ukianza kukwaruza, tupa, chukua mwingine. Kwa mbao ngumu sana kama mpingo, wembe unaweza kushindwa. Hapo tumia msasa kuanzia namba 120 ukipanda hadi 600 au zaidi, halafu piga brashi vizuri, maana vumbi la msasa linaziba vile vile vitundu unavyovitafuta.

Kioo cha kukuzia kisogeze karibu kabisa na jicho, halafu uilete mbao mpaka umbali wa sentimita 2 na nusu hivi. Ukishika kioo mbali na uso kama mtu anayesoma gazeti, utaona duara dogo lenye ukungu. Mwanga utoke pembeni, usipige moja kwa moja.

Fungua programu, nenda kwenye sehemu ya utambuzi. Swali la kwanza kulijibu: je, kuna vitundu? Vitundu hivi ndivyo mirija iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Kama hakuna kabisa, una mbao ya jamii ya paini na sipresi, na jambo linalofuata ni kutafuta mifereji ya utomvu. Paini inayo, sipresi haina. Jibu hilo moja linaondoa majina mengi sana kwenye orodha.

Kipande changu kina vitundu, kwa hiyo naangalia vimepangwaje. Mtiki na mwaloni wana mstari wa vitundu vikubwa mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji, kisha vinakuwa vidogo ghafla. Mkangazi na mvule vyao vimetawanyika kwa ukubwa usiotofautiana sana. Changu kimetawanyika. Nachagua hivyo, na uone chini ya skrini idadi ya majina inavyopungua.

Sasa tazama tishu nyepesi kwa rangi inayozunguka vitundu. Kwenye mvule inatanda pande zote mbili za kitundu na kuungana na jirani yake. Kwenye mahogani ya Amerika, jenasi (yaani kundi la aina zinazokaribiana) Swietenia, utaona mistari myembamba iliyo wazi inayofuata mipaka ya pete. Kwenye mkangazi wa Afrika, jenasi Khaya, mistari hiyo kwa kawaida haipo. Mbao hizi mbili huuzwa kwa jina moja la mahogani, na rangi zao zinaweza kulingana kabisa, lakini ncha iliyokatwa vizuri inazitenganisha. Ndiyo maana kwenye programu natafuta kwa jina la kisayansi kila mara.

Geuza sasa ubavu wa mbao, ule uliopasuliwa kufuata duara la pete. Ulainishe kwa wembe, uinamishe kwenye mwanga. Ukiona mistari midogo sana iliyolala kuvuka nyuzi, imepangana sawasawa, hiyo ni alama kubwa. Jenasi Pterocarpus, yenye mninga ndani yake, na Dalbergia, yenye mpingo, zinajulikana kwa alama hiyo. Kwenye kipande changu ipo. Sogea karibu uione... hapo.

Jambo moja ninalosisitiza: swali usilokuwa na uhakika nalo, liruke. Programu nzuri hazikulazimishi kufuata mpangilio. Jibu la kubahatisha linaweza kuifuta mbao yenyewe uliyoishika mkononi, na hutajua imetoka lini kwenye orodha.

Rangi, harufu na uzito naviacha mwisho. Rangi hubadilika kwa jua na umri, na kamera ya simu nayo inaibadilisha. Uzito ni wa kuaminika zaidi ukiupima. Kipande changu kikavu kina sentimita 10 kwa 5 kwa 2, yaani sentimita za ujazo 100. Mzani unasoma gramu 64. Gawanya: 0.64, sawa na kilo 640 kwa mita ya ujazo. Mpingo ungezidi kilo 1,200 na ungezama majini, kwa hiyo huu si mpingo.

Programu imenibakizia majina machache, na la juu ni Pterocarpus angolensis, mninga. Nitaongeza jaribio moja ninalolipenda sana. Nakwangua vumbi la kiini, naliweka kwenye maji, namulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno. Maji yanang'aa buluu. Mwaka 1565 daktari wa Kihispania Nicolás Monardes aliandika kuhusu mti wa Mexico uliofanya maji yaonekane buluu, na baadaye ikajulikana kuwa mninga wa Ufilipino nao hufanya hivyo. Si kila mbao yenye mng'ao huu ni mninga, lakini pamoja na alama tulizokusanya, ushahidi unazidi kukaza.

Usiishie kwenye jina la juu. Fungua picha ya kila jina lililobaki, hakikisha imekuzwa kwa kiwango sawa na kioo chako, kisha tafuta sababu ya kulikataa. Ukikosa sababu, libakize. Wakati mwingine utaishia kwenye jenasi tu. Aina mbalimbali za Khaya, kwa mfano, huwezi kuzitenganisha kwa kioo cha mkononi, na kuandika "Khaya" peke yake ni jibu sahihi.

Kama mbao inavuka mpaka wa nchi, hapo simu haitoshi. Jenasi Dalbergia yote imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na mkutano wa Panama wa 2022 uliongeza Pterocarpus na Khaya za Afrika. Kwa shughuli ya aina hiyo peleka sampuli kwenye maabara ya mbao wakaitazame kwa hadubini, na uwaachie kipande cha kiini kisichopakwa chochote.

Kipande chako usikitupe. Andika ubavuni jina ulilolipata, tarehe, na alama zilizokufikisha hapo: vitundu vimetawanyika, mistari ya ubavuni ipo, 0.64, maji buluu. Acha ncha uliyoikata ikiwa wazi, ili mbao inayofuata uilinganishe nayo chini ya kioo kabla hujafungua simu.