Namna ya Kumfundisha Mtoto wa Darasa la Awali Kufumbua Mafumbo ya Hesabu

Ndugu watazamaji, wazazi na walimu wa madarasa ya awali, karibuni. Katika video hii tutaonyesha namna ya kumfundisha mtoto wa miaka 5 hivi kufumbua mafumbo ya kujumlisha na kutoa, na jambo kubwa tutakalolizingatia ni kwamba mtoto aitende hadithi ya fumbo kwa mikono yake kabla ya kuonyeshwa alama yoyote ya hesabu.

Hapa mkekani mnaona kokwa kumi za mchikichi, visoda vitano na kifuniko cha boksi. Kokwa zimeoshwa na kuanikwa, kwa sababu zikiwa na mafuta huteleza mkononi. Visoda navyo vimegongwa kingo ili visikate vidole. Dagaa, ingawa ndio fahari yetu hapa Kigoma, tumewaacha makusudi, kwani hupimwa kwa kopo au kwa fungu, na ni nadra mtoto kumwona mtu akiwahesabu mmoja mmoja. Mtu mzima akae karibu muda wote, asije mtoto akatia kokwa mdomoni.

Anzeni kwa kusimulia bila kuuliza: “Bibi alinunua samaki watatu katika soko la Mwanga. Jirani akamletea wengine wawili.” Nyamazeni hapo, kisha mwambieni mtoto awasimulie ninyi. Akiweza kueleza nani alinunua na nani alileta, ndipo mumuulize bibi ana samaki wangapi sasa. Ikiwa nyumbani mnazungumza Kiha, simulieni kwanza kwa Kiha, maana watoto wengi wanaodhaniwa kuwa hawajui hesabu huwa wamekwama kwenye kuelewa maelezo. Vilevile, mtoto akisema “samaki tatu” badala ya “samaki watatu”, msimkatize katikati ya kuhesabu. Mrekebisheni baada ya jibu, kwa kulirudia tu kwa usahihi.

Sasa tazameni mikono yake. Anaweka kokwa tatu, anaongeza mbili, halafu anahesabu zote tangu moja hadi tano. Msimlazimishe kuanzia tatu na kuendelea, kwa kuwa njia yake ndefu ya kuanzia moja ni halali kwa umri wake, na ataiacha mwenyewe atakapoona haina haja. Fumbo la kutoa hufuata mwendo uleule: Neema ameokota maembe matano chini ya mwembe kule Ujiji, akala mawili, mtoto aweke kokwa tano, aondoe mbili, ahesabu zilizobaki. Jaribuni pia fumbo ambalo Neema amekula yote, ili mtoto akutane na sifuri.

Fumbo linalofuata ndilo linalowatatiza wengi, kwa hiyo tutalifanya taratibu. “Ndani ya mtumbwi mlikuwa na watu wanne. Ulipofika Kibirizi wakapanda wengine, na sasa wamo watu saba. Waliopanda ni wangapi?” Mtoto aliyezoea kuunganisha kila namba anayoisikia atajumlisha nne na saba, apate kumi na moja. Msimwambie amekosea. Mpeni kifuniko cha boksi kiwe mtumbwi, aweke kokwa nne ndani yake, kisha apandishe abiria kwa visoda, kimoja kimoja, akihesabu “watano, sita, saba”, na hapo asimame. Visoda vilivyomo ndio abiria wa Kibirizi, nao ni watatu. Tumetumia vitu vya aina mbili kwa sababu hiyohiyo: kama vyote vingekuwa kokwa, asingewatambua tena waliopanda.

Ndiyo maana hatupendi mtoto akaririshwe kwamba neno “wengine” maana yake ni kujumlisha. Neno hilo limo katika fumbo la bibi na limo katika fumbo la mtumbwi, lakini hesabu zake ni tofauti.

Kulinganisha kuje baadaye, kwa sababu mtoto akiulizwa Baraka amemzidi Rehema kwa vitumbua vingapi, mara nyingi hujibu idadi yote ya vitumbua vya Baraka. Badilisheni swali: “Kuna watoto watano na maandazi matatu. Kila mtoto akichukua andazi moja, wangapi watakosa?” Apange visoda vitano kwa mstari, na chini ya kila kisoda aweke kokwa moja hadi kokwa tatu ziishe. Visoda viwili vitabaki bila mwenza, na hiyo ndiyo tofauti. Akishalizoea swali la kukosa, rudini kwenye lile la kuzidi kwa mpangilio uleule.

Mtoto akiweza kufumbua mafumbo haya bila msaada, chukueni chaki. Atende tena hadithi ya bibi, kisha mwandike pamoja 3 + 2 = 5 mbele ya kokwa zake, huku mkimwonyesha kwa kidole samaki walionunuliwa, walioletwa, na wote kwa pamoja. Baada ya hapo andikeni 5 − 2 = 3 bila kusema neno, naye atunge hadithi yake mwenyewe inayofaa.