Dawa Kwenye Uji: Usalama na Hiari ya Mgonjwa wa Akili

Ndugu wauguzi, wanafunzi wa utabibu, na ninyi wazazi mliokaa safu za nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie usalama wa mgonjwa wa akili na haki yake ya kujiamulia. Sheria nitaigusa baadaye. Kwanza tuingie jikoni, maana katika nyumba nyingi za hapa Pwani ndiko jambo hili linakoamuliwa.

Mama ana kijana mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwapo. Kijana amekataa vidonge. Usiku halali, anajibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii, na sasa anadai kuna watu nyumbani wanamtilia sumu. Mama amechoka, tena anaogopa. Anasaga vidonge vya haloperidol, dawa ya kutuliza sauti hizo, kwa mgongo wa kijiko, anakoroga kwenye uji, anampa mwanawe anywe. Mama huyu si mkatili. Baadhi yenu mmeshafanya hivyo, na sikuja kuwahukumu.

Kijana mmoja wa namna hiyo aliletwa kwetu shingo imepinda hadi sikio linakaribia bega, macho yamegeukia juu, taya limekaza. Majirani walishasema ni jini, akapelekwa kusomewa kwanza. Kwa mtu wa wodi hali hiyo si ngeni: haloperidol inaweza kukaza misuli hivyo katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, na dawa ya kuilegeza ipo, hufanya kazi upesi. Tukauliza ametumia nini. Mama kimya. Baadaye akamvuta muuguzi kando kwenye korido, akamnong'oneza.

Jioni, shingo ikiwa imenyooka, ilibidi mgonjwa aelezwe kilichompata. Akamtazama mama yake, akasema, "Kwa hivyo mlikuwa mnanitilia kweli."

Hebu tukae hapo kidogo. Ugonjwa ulimwambia chakula kina kitu. Watu wote aliowaamini wakamwambia hakina, ni ugonjwa wako tu. Kumbe kilikuwa nacho. Tangu siku ile alikula mayai aliyoyachemsha mwenyewe na mkate alioufungua kwa mkono wake. Ilichukua miezi kabla hajakubali hata kikombe cha chai kutoka kwa mama yake, na kidonge kutoka kwetu kilichukua muda zaidi.

Msimamo wangu ni huu: ziko saa ambapo kumlazimisha mtu ni wajibu. Mama aliyejifungua juzi, anasikia sauti zikimwamuru amzamishe mtoto, hatungoji mpaka aridhie. Lakini tukilazimisha, tulazimishe waziwazi. Mgonjwa aambiwe usoni: tunakudunga sindano hii, jina lake ni hili, sababu ni hii, na kesho asubuhi daktari atakuangalia tena. Iandikwe kwenye faili pamoja na jina la aliyeamua. Nguvu ya wazi inaweza kuulizwa, kupingwa, kukatiwa rufaa. Dawa ya kwenye uji haina wa kuulizwa, haina kipimo cha uhakika, na haina siku ya mwisho.

Sheria nayo imeelekea huko. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ambao unamtambua mtu mwenye ugonjwa wa akili kuwa sawa na wengine mbele ya sheria. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na suala la mgonjwa kuelezwa na kuridhia matibabu yake likapewa uzito. Kisha Januari 2025, Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Nilifurahi sana. Familia zilikuwa zikisema "alikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya" kwa kuogopa polisi, nasi tukawa tunatibu tumbo huku tukimrudisha mtu nyumbani na kilichomsukuma.

Sasa ninyi wanafunzi, acheni kuuliza kama mgonjwa "ana akili ya kuamua" kana kwamba ni taa ya kuwashwa na kuzimwa. Ulizeni anaamua nini. Mtu anaweza kuwa hafai kabisa kusaini hati ya kuuza shamba wiki hii, na bado akajua vizuri kwamba dawa fulani inamfanya ashindwe kutulia kitako. Hiyo ni taarifa ya kitabibu. Msiandike "amekataa dawa" mkafunga faili.

Mfano mwingine ni wa Ramadhani. Kila mwaka wako wanaoandikiwa kwamba wameacha matibabu. Ukimkalisha mmoja na kumsikiliza, unakuta hajaacha, anataka kufunga. Dawa nyingi zinaweza kupangwa baada ya futari na wakati wa daku. Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ina tahadhari zake, kwa kuwa mwili ukipungukiwa maji inaweza kupanda kwenye damu hadi kudhuru, na hilo linahitaji daktari na vipimo kabla ya mwezi kuandama. Yote haya yanawezekana kama mgonjwa haogopi kutwambia nia yake.

Na ninyi wazazi, kazi kubwa ifanyeni mwanenu akiwa mzima. Kaeni naye, mwandike pamoja karatasi moja: dalili gani zikianza tujue unaugua, dawa ipi ilikusaidia na ipi ilikutesa, ukizidiwa nani akushike mkono, na nani asikukaribie, watoto walale kwa nani. Atie sahihi mwenyewe. Nakala moja iwe kliniki, nyingine nyumbani. Siku akizidiwa, mtakuwa mnafuata maneno yake.

Kama kuna mtu hapa ambaye hivi sasa anaweka dawa kwenye chakula, usiiache ghafla leo usiku. Njoo kliniki, useme ni dawa gani, kiasi gani, tangu lini. Tutapanga pamoja namna ya kumwambia, na tutakuwapo akiambiwa. Nitabaki hapa nje baada ya maswali, kwa yeyote asiyetaka kusema mbele ya watu.