Umekwenda Misri Kusoma Sinema? Leo Najibu

Assalaam alaykum jamani. Mwanaidi hapa, niko chumbani kwangu Nasr City, Kairo. Mkisikia honi mnisamehe, dirisha nimeliacha wazi kwa joto.

Leo si video ya matembezi. Kuna swali kila nikipandisha video linakuja: "Wenzako wanakwenda Misri kusoma dini na udaktari, wewe umekwenda kusoma riwaya na sinema?" Wengine wanauliza kwa wema, wengine wameshahukumu. Nikijibu nitaambiwa najivuna kwa kuwa niko nje. Nikisema tabu zangu nitaambiwa nalia na huku nafasi nimepata. Basi nitasema lilivyo, na hili ni langu mimi, usilichukue ukafanya ndiyo dira ya mwanao.

Nianze na dini, maana ndipo panaponiuma. Mie nimekhitimu msahafu chuo cha Kurani, Unguja, bado niko darasa la sita. Na kitabu cha kwanza tulichosomeshwa hapa ni Al-Ayyam cha Taha Hussein, mwandishi wa Misri, anaeleza utoto wake kijijini, mtoto asiyeona, anahifadhi Kurani kwa sheikh wake. Kuna pahala baba yake anamtaka asome, naye keshasahau, maneno hayaji, aibu inamjaa. Nilipofika hapo nilimwona maalimu wangu, na mkeka, na ule ukimya wa wenzangu waliokuwa wakiomba wasiitwe wao. Sasa mtu akiniambia nimeiacha lugha ya Mtume nikafuata upuuzi, namjibu kwa adabu: hata neno riwaya tumelichukua kwa Waarabu.

Ami yangu mmoja aliyasema hayo harusini, mbele ya watu, kuwa baba analipia mtoto akae gizani anatazama picha. Baba alinyamaza. Mie niliambiwa baadaye kwa simu, na hadi leo nikikaa darasani taa zikizimwa, lile neno linanirudia.

Lugha sitakawia nayo. Kiarabu cha chuoni kwetu kinakufikisha kwenye kitabu, mtaani hakikufikishi hata dukani. Naguib Mahfouz, mwandishi wa riwaya wa Misri aliyepata Nobel mwaka 1988, watu wa riwaya zake wanasema Kiarabu fasihi cha vitabuni hata wakigombana ndani ya nyumba. Riwaya yake Bayn al-Qasrayn ilipofanywa filamu mwaka 1964, watu wale wale wakasema Kiarabu cha Kairo. Kitabu nilikielewa, filamu nikawa natazama midomo. Ilinichukua mwaka.

Karatasi sasa, na hapa sikilizeni nyie mnaotaka kuja. Cheti cha Kidato cha Sita kinathibitishwa nyumbani, kinapigwa muhuri, kinafasiriwa Kiarabu, kinapigwa muhuri tena. Mfasiri wa cheti kaniandika Mwanaidi kwa herufi alifu. Mfasiri wa pasipoti kaniandika kwa herufi nyengine, ain. Ofisi moja hapa wakasema hawa ni watu wawili. Nikamwambia yule bwana, Idi ndani ya jina langu ni ile Idi yenu, nyie wenyewe mnaiandika kwa ain, mwenye alifu ndiye aliyekosea. Akaitazama, akakubali kuwa ni kweli, kisha akanirudishia faili. Bukra. Yaani kesho. Zilikuwa bukra za miezi mitatu, nalipa kufasiri upya, nalipa muhuri upya, na faili likiwa bado limekaa mezani ikama yangu, yaani kibali cha kukaa, ikamalizika, nikalipa faini juu yake. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, hakikisha jina lako la Kiarabu ni moja kila karatasi. Mwengine amepita bila tatizo, najua, mie ndivyo yalivyonikuta.

Na pesa. Mnaniandikia "pauni ya Misri imeanguka, mnakula raha". Mwezi wa tatu 2024 dola ilitoka pauni 31 hivi ikapanda hadi karibu 50, ni kweli. Lakini ada yangu nalipa kwa dola, na baba anapata shilingi. Mwenye nyumba naye anajua bei ya dola kuliko mimi, kodi akaipandisha. Raha hiyo sijaiona.

Sasa kwa nini naendelea. Kuna riwaya ya Ghassan Kanafani, mwandishi Mpalestina, Rijal fi al-Shams, ya mwaka 1963. Wapalestina watatu wanataka kuingia Kuwait kutafuta kazi, dereva anawaficha ndani ya tangi tupu la lori la maji, juani, wakati wa kuvuka mpaka. Maofisa wanamchelewesha kwa maneno ya mzaha. Akifungua, wamekufa. Na dereva analia: kwa nini hamkugonga? Mwaka 1972 Tawfiq Saleh, Mmisri, akaifanya filamu huko Syria, na mwisho akaubadilisha. Wanagonga. Unawasikia wanagonga, lakini ofisini viyoyozi vinanguruma, hakuna anayesikia.

Mwalimu aliuliza mwisho upi ni wa kweli. Wenzangu wengi walisema wa kitabuni, kwamba Kanafani alikuwa anawauliza watu wake kwa nini wamenyamaza. Mie mkono ulipanda wenyewe. Mtoto wa mama yangu mdogo yuko Ghuba, kazi za ndani, mwaka wa tatu huu. Simu alichukuliwa miezi minne. Alimwambia wakala, akamwambia mke wa tajiri, akamwambia kila aliyefika mlangoni. Nikasema darasani, kwa Kiarabu changu hicho hicho: wanagonga. Nikashindwa kuendelea. Mwalimu hakusema kitu, aliniachia nipumue.

Kwa hiyo mkiniuliza nitafanya kazi gani, nataka kufasiri. Mshahara sijui, sikuahidini kitu, na kama mwanao anapenda uhasibu, mwache asome uhasibu.

Simu dada yangu huyo wa Ghuba karudishiwa. Tangu Shaabani namsomea riwaya ile kwa Kiswahili, nafasiri ukurasa, narikodi, namtumia, anasikiliza usiku akimaliza vyombo. Jana kaniandikia: "Wamefika mpakani? Dereva anatoka saa ngapi ofisini?" Nimeshairikodi sehemu ya mwisho, iko hapa kwenye simu. Sijaituma bado.