Mbona Bajaji Yako Inalala Miezi Mitano? Nawajibu

Habari zenu ndugu zangu. Wakubwa wangu mnaotazama, shikamooni. Nipo kwenye banda la gari hapa nyumbani Minnesota, Marekani, nje ni nyuzi 22 chini ya sifuri, ndiyo maana mnaniona na kofia na koti zito.

Leo sikupanga kurekodi. Ila kila nikiweka video swali linarudi lilelile: "Kaka, hiyo bajaji ya nini, na mbona miezi yote hiyo haitoki?" Wapo wanaouliza kwa wema. Wapo wanaosema najionyesha. Na nikisema baridi ni kali, wananiambia nalalamika, nirudi nyumbani. Basi leo nalijibu lote.

Kwanza, si bajaji. Bajaji ina gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Hii ni Slingshot, ya kampuni ya Polaris, kampuni ya jimbo hilihili. Ina magurudumu mawili mbele na moja nyuma, usukani kama gari, viti viwili ubavu kwa ubavu, milango hakuna, paa hakuna. Yangu ni ya 2017, ya klachi, injini yake ni ya General Motors, lita 2.4. Injini ya gari kamili inavuta kitu cha kilo 800 hivi. Kiangazi, ukiwa nayo barabara ya kando ya ziwa, jamani, moyo unafunguka.

Nimeinunua kwa mtu, dola 13,500. Naitaja bei kwa sababu nisipoitaja mtanitungia. Ni akiba ya miaka mitatu, zamu za usiku. Kuna ndugu yangu wa damu aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba nimeshindwa kuchangia msiba kwa sababu ya "midoli". Mchango nilishatuma siku mbili kabla, na risiti aliiona. Liliniuma, na linaniuma mpaka leo. Mama ndiye aliyenitetea. Tuyaache.

Karatasi sasa. Yule aliyeniuzia alikuwa ameshamaliza mkopo, lakini barua ya kuthibitisha kwamba benki haimdai tena haikuwepo, na bila hiyo kadi ya gari haibadilishwi jina. Miezi miwili nalipia bima ya kitu ambacho kwenye karatasi si changu. Halafu kisheria huku hii inaingia kundi la pikipiki, ingawa majimbo mengi unaiendesha kwa leseni ya kawaida ya gari. Kwa hiyo ukipiga simu ya bima, huyu anakwambia gari, mwenzake anakwambia pikipiki, na kila mmoja ana bei yake. Wakati wa baridi mimi napunguza bima ibaki ya wizi, moto na mengine yanayoweza kuipata ikiwa imeegeshwa. Ukiwa na mkopo, benki inaweza kukukatalia. Uliza kwanza.

Kwa nini haitoki? Barabara za huku zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chuma. Nguvu yote iko kwenye tairi moja la nyuma, tena tairi la kiangazi, raba yake baridi hii inakuwa ngumu haishiki chochote. Nisingempandisha mwanangu humo.

Kuilaza ndiko kwenye kazi. Naosha chini kabisa, namwaga oili chafu naweka mpya, kwa sababu oili iliyotumika ina uchafu wa kula injini ikikaa nao. Tangi najaza pomoni, nachanganya dawa ya kuhifadhi petroli, halafu naiacha injini izunguke dakika kumi dawa ifike kwenye mabomba yote. Hapo nisikilizeni vizuri: hiyo dakika kumi gari iko NJE. Usiwashe injini kwenye banda lililofungwa hata kwa dakika moja. Ule moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanakufa nayo kila msimu wa baridi, wakiwa wamelala. Hata hita ya gesi niliyonayo hapa, mlango nauacha wazi kidogo na king'ora cha hewa hiyo kipo pale ukutani, mnakiona.

Betri. Betri iliyoisha chaji inaganda kwenye nyuzi 7 au 8 tu chini ya sifuri, inapasuka. Iliyojaa haigandi kwa baridi ya huku. Kwa hiyo yangu iko kwenye chaja ndogo inayojizima yenyewe ikijaa. Breki ya mkono siivuti, pedi zisije zikaganda kwenye diski. Kwenye bomba la moshi nimeziba kwa waya wa kusugulia sufuria, panya wasiingie, na nimefunga kitambaa chekundu kwenye usukani nisisahau kuutoa.

Sogeeni muone hapa. Huu ndio mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma. Hili tundu, kama punje ya choroko, ni kokoto iliyonasa ikatobokea upande wa pili. Nisingekuwa chini na tochi nisingeliona. Mkanda mpya umenila zaidi ya dola 300, na spea tatu zilizopita duka moja lilinitumia za Slingshot ya mwaka mwingine na gharama ya kurudisha ikawa juu yangu. Sasa nanunua kwa namba ya spea tu, na naipiga picha kabla sijalipa.

Kilichonifurahisha mwaka huu ni breki. Nimeweka mipira ya kupitisha mafuta ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma, na mafuta yenyewe nimebadilisha, kwa kuwa yalishatimiza miaka miwili, na yanavuta maji yakikaa. Kutoa hewa iliyoingia kwenye mipira hiyo kunataka watu wawili. Binti yangu wa miaka tisa ndiye alikaa kwenye kiti, mto mgongoni ili mguu ufike. "Kanyaga. Shikilia. Usiachie." Nalegeza nati, naye ananiita, "Baba, imeshuka!" Kiswahili chake chote cha spana kakijulia humu ndani. Saa mbili nzima hakuulizia simu.

Hayo ni yangu mimi, na gari yangu, na baridi ya jimbo langu. Wewe wa Texas huenda unaendesha mwaka mzima. Na ambaye hajawahi kufungua breki, mpe fundi, breki si pa kujifunzia peke yako.

Mkanda wameniambia unafika Alhamisi. Binti ameshaniambia nisiufunge mpaka atoke shule.