Tangi la Petroli la Gari Kuukuu: Kazi Iko Kabla ya Rangi

Assalam alaikum, hamjambo nyote. Mmenitaka nizungumze juu ya rangi ya ndani ya tangi, nami nitaanza kwa kuwaudhi kidogo: kuipaka hakuchukui hata saa nzima. Ikibanduka, kosa karibu kila mara lilifanyika siku mbili tatu kabla mkebe haujafunguliwa. Basi mkebe tuuweke kando kwanza.

Tuchukue tangi la Land Rover Series, lile la chini ya kiti cha mbele, lita 45 hivi. Hapa Malindi gari likikaa wiki nyingi na petroli nusu, hewa ya bahari huingia kwa paipu ya kupumulia. Usiku bati hupoa, unyevu hugeuka matone, na matone huzama chini ya petroli kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Ndiyo maana kutobokatoboka huanzia chini kabisa, kwenye mshono.

Toa waya hasi wa betri, nyonya petroli yote, shusha tangi, fungua floti ya geji (kielea kinachopima petroli iliyomo) na paipu ya kunyonyea. Petroli ya zamani isimwagwe mtaroni. Na jamani, tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa! Kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ni mzito, hutulia chini na kujificha ndani ya kutu na mishono. Kuliacha wazi juani hakutoshi. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, lijaze mpaka maji yafurike yatoke na mafuta yanayoelea, mwaga, rudia mara mbili au tatu. Sigara, grinda na moto wa kulehemu vikae mbali.

Kuoshwa huku kuna faida ya pili: asidi tutakayoondolea kutu baadaye haipenyi penye mafuta wala gundi ya petroli iliyooza.

Sasa kutu. Ndani ya tangi hili mna vibao vya kuzuia petroli isisukwesukwe, na nyuma ya vibao hivyo ndiko kazi nyingi huharibikia. Kusugua kwa kokoto kunasaidia, lakini kokoto za ufukweni zina chumvi, na nati zisizohesabiwa hubaki ndani zikigonga milele. Tia mnyororo mwembamba wa mita moja, mwisho wake ufungwe waya unaobaki nje, utikise na maji kidogo. Wenye chaja ya betri watasema watatumia umeme na maji ya magadi, wakitumbukiza kipande cha chuma ndani. Njia hiyo ni nzuri kwa tangi la pikipiki lililo wazi ndani. Hapa umeme hula kutu inayotazamana na chuma ulichokitumbukiza, nyuma ya kibao hufika kwa shida.

Kwa hiyo tumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali kama ndimu: gramu 50 kwa kila lita, yaani kilo 2 na robo kwa tangi zima, katika maji ya uvuguvugu. Acha saa 12 hadi 24, ukiligeuza ili sehemu ya juu nayo ipate. Usilizibe kabisa, maana hutoa gesi.

Naona mzee pale anauliza kwa nini tusitumie maji makali ya betri, yako dukani na ni rahisi. Mzee wangu, yale hayachagui. Yakimaliza kutu yanaendelea na bati lenyewe.

Ukimwaga asidi, suuza kwa maji yenye magadi mpaka mapovu yakome, kisha maji safi. Maji ya visima vyenye chumvi hapa hayafai kwa suuzo la mwisho. Tumia ya mvua au yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke. Hapo ndipo mbio zinaanza, kwa sababu chuma kilicho uchi hugeuka rangi ya machungwa kwa dakika chache. Zungushia spiriti inyonye maji, mwaga yote, acha mvuke wake uishe, halafu pitisha upepo mkavu kwa muda mrefu. Ingiza kidole kwenye mshono: kikitoka na ubaridi au vumbi la kutu, bado. Siku ya masika isiyo na jua, iache kazi mpaka kesho.

Tundu la sindano rangi huziba. Tundu la kuingia msumari linataka kiraka cha bati na risasi ya kuungia kabla ya kupaka.

Rangi yenyewe ni epoksi ya sehemu mbili; ichanganywe kwa vipimo vya mkebe, si kwa macho. Joto letu huifanya igande upesi, basi changanya mkebe ukiwa kivulini. Lita moja hivi inatosha. Ziba matundu, mimina, geuza tangi polepole kila upande, hata kichwa chini, kisha mwaga yote iliyobaki. Ubahili huharibu hapa: dimbwi linaloachwa chini hukauka juu tu, ndani hubaki laini, baadaye hubanduka kama ngozi na kuziba kabureta. Puliza paipu za pumzi na kunyonyea, safisha nyuzi za bolti kabla rangi haijashika. Kisha subiri siku nne.

Nje, paka praima ya epoksi na rangi, si lami, kwani petroli huiyeyusha. Kama tangi lako lina mkanda, uwekewe mpira badala ya kitambaa kinachoshika maji ya chumvi.

Mwisho, kwangua rangi kidogo pale floti inapofungwa na pale tangi linapogusa chesisi. Geji hupata eathi yake hapo, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chesisi; rangi ikiikata, wengi hubadilisha geji nzima bure.