Jani lililokataa kushusha sukari

Mabibi na mabwana, asanteni. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi. Wanivumilie.

Mwaka 1952 daktari wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha kutoka Jamaika. Ndani mlikuwa na majani 25 ya mmea wa Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi, ambao watu walikuwa wakichemsha na kunywa ili kushusha sukari ya damu. Akampa nduguye Robert, mtafiti. Panya wakanyweshwa. Sukari? Ilikaa palepale! Wengi wetu tungemwaga sufuria, tukaenda zetu kulala.

Wao wakawadunga panya maji ya majani hayo kwa sindano. Panya wakafa ndani ya siku chache. Kuwapasua, wakakuta majipu, bakteria wametamalaki. Na hapa ndipo ninapopapenda: hawakuandika "sumu" wakafunga daftari. Walihesabu seli nyeupe za damu, wakaona zimeporomoka, kwa sababu uboho, ute wa ndani ya mifupa unaozizalisha, ulikuwa umelemewa. Panya wale waliuawa na vijidudu ambavyo mwili wenye askari wake ungevimudu.

Baadaye mkemia Charles Beer akatenganisha kiini chenyewe, vinblastini, na habari zake zikatangazwa mwaka 1958. Seli inapogawanyika hutandaza nyuzi za kuvutia kromosomu, vibeba urithi vya seli, huku na huku. Nyuzi hizo hujengwa kwa protini iitwayo tubulini. Vinblastini huing'ang'ania tubulini hiyo, nyuzi zisijengeke. Seli inakwama njiani: haigawanyiki, hairudi ilikotoka, mwishowe inakufa. Ndipo ikawa dawa ya saratani, ugonjwa wa seli zinazogawanyika bila kikomo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Si unaona? Wazee walikuwa sahihi!" Sahihi kwa lipi, ndugu yangu? Wao walisema sukari. Tena panya walionyweshwa hawakupata kitu, waliodungwa wakafa, na jani ni lilelile. Halafu dawa hii haimuulizi mtu kama ana saratani. Seli ya uboho inagawanyika, ya utumbo inagawanyika, ya mzizi wa nywele vilevile. Zote inazikuta kazini. Ndiyo maana hospitalini hupimwa kwa miligramu, na damu ya mgonjwa huhesabiwa kwanza. Pacha wake, vinkristini, dawa nyingine ya mmea huohuo, akidungwa kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa, anaua.

Sasa mtu ananijia mbio: mti fulani umeua seli za saratani kwenye sahani ya maabara! Hata chumvi inaziua, ukiimwaga ya kutosha. Niambie seli zenye afya za jirani zilibaki hai au la. Niambie mnyama alipewa kiasi gani, na kwa njia ipi.

Nilitaka pia kugusia mimea inayochochea seli kukua, ile ya kufunga vidonda, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hili tu: kidonda hufunga kwa seli kugawanyika, na uvimbe nao hukua kwa seli kugawanyika. Anayewauzia kitu cha "kuchangamsha seli" muulizeni anachangamsha zipi.

Maswali yaje. Na wewe wa nyuma, mwenye chupa ya kijani, nimekuona tangu mwanzo. Anza wewe.