Kabla Hujapita Mbele ya Antena

Vijana wangu, asanteni kwa kuja. Fomula ya umbali salama mbele ya antena itakuja, lakini kwanza twendeni juu ya paa la ghorofa pale Kariakoo. Kuna tangi la maji, kuna kamba ya kuanikia nguo, na pembeni antena ya simu imefungwa kwenye nguzo fupi, usawa wa kifua. Fundi bomba kaitwa abadilishe koki. Anainama mbele ya ile antena nusu saa nzima, na hakuna aliyemwambia neno. Mawimbi hayana harufu wala sauti. Fundi huyu ndiye ninayehofia usalama wake, kuliko jirani wa mtaa wa pili anayeilalamikia antena kila siku.

Sasa hesabu. Nguvu ikitoka kwenye antena inatandaa kama mwanga wa taa. Ukisogea mara mbili ya umbali, kila mita ya mraba inabaki na robo ya ilichokuwa nacho. Kwa hiyo zidisha wati za transmita, mtambo unaorusha mawimbi, kwa ukuzaji wa antena, yaani mara ngapi inakoleza nguvu upande inakoelekea, kisha gawanya kwa 4 mara pai mara umbali kipeo cha pili. Jibu ni wati kwa mita ya mraba.

Tuchukue wati 20 na antena yenye ukuzaji wa desibeli 17, masafa ya megahezi 900. Hapa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia: desibeli 17 si mara 17, ni mara 50, kwa sababu kila desibeli 10 ni mara 10. Anayezidisha 20 kwa 17 anapata 340. Jibu sahihi ni wati 1,000. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa raia, kati ya megahezi 400 na 2,000, ni megahezi gawanya kwa 200, yaani wati 4.5 kwa mita ya mraba kwetu hapa. Geuza fomula, tafuta kipeuo cha pili, unapata umbali salama wa mita 4.2. Yule wa 340 ataandika mita 2 na nusu kwenye kibao cha onyo, na fundi bomba atakiamini kibao.

Jirani je? Mita 50, hata akitazamana na antena uso kwa uso, anapata wati 0.032 kwa mita ya mraba. Ni zaidi ya mara 140 chini ya kikomo. Mwelezeni kwa heshima, mwonyesheni hesabu yenyewe. Ana haki ya kuiona.

Karibu sana na antena fomula hii hukuza kuliko hali halisi, kwa sababu wimbi bado halijajipanga. Mimi nalipokea kosa hilo, linamlinda mtu. Lakini paa likirudisha mawimbi, nguvu kwa kila mita ya mraba inaweza kufika mara 4, na umbali salama unakuwa maradufu. Antena zikiwa mbili, tafuta kila moja inakula sehemu gani ya kikomo chake, kisha jumlisha. 0.6 na 0.6 ni 1.2: kila kampuni itasema iko salama, na mtu aliyesimama katikati hayuko salama.

Redio za FM ni kali zaidi. Masafa hayo mwili wa binadamu unayanyonya vizuri, ndiyo maana kikomo cha raia ni wati 2 tu kwa mita ya mraba, na cha mfanyakazi aliyefundishwa ni 10. Transmita ya wati 1,000, antena yenye ukuzaji wa mara 4: raia akae mita 12.6, mfanyakazi 5.6.

Niliwahi kuitwa kubadilisha kipande cha antena ya namna hiyo. Msimamizi wa kituo akaniambia panda tu, tuko hewani moja kwa moja, hatuwezi kuzima. Nikamwandikia hizo 5.6 kwenye karatasi, nikamwonyesha kwamba mikono yangu itakuwa mita sifuri. Alikasirika, lakini alisoma. Tulipanda saa sita usiku, swichi ya transmita imepigwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu.